Klabu moja, kurasa nne: jinsi ya kuziunganisha

Andika jina la klabu yoyote ya mtaa hapa Mombasa kwenye Facebook, iwe ya Likoni, Kisauni, Changamwe au Majengo, uone. Ni nadra kupata ukurasa mmoja. Kuna ule wa zamani wenye picha za jezi zilizochujuka, kuna mwingine ulioongezewa neno "Official" kana kwamba wa kwanza ulikuwa wa magendo, kuna wa tatu wenye "001" mwishoni, na wa nne ambao kamati nzima hakuna anayejua nani aliufungua. Ratiba ya mazoezi iko huku, matokeo ya Jumapili yako kule, na mtu anayetaka kuwapa mipira anaandika kwenye ule ambao hakuna anayeuangalia.

Mwongozo huu ni wa katibu, kocha au kijana yule aliyeambiwa kikaoni, "wewe unajua mambo ya simu, shughulikia." Kubonyeza kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Kinachokula wiki ni kutafuta funguo, yaani ruhusa za kuendesha kila ukurasa, na kuokoa vitu kabla havijafutwa.

Ujue kinachohama na kinachopotea

Facebook ikiunganisha kurasa mbili, mmoja unabaki na mmoja unafutwa. Wafuasi wa ule unaofutwa huhamishiwa kwenye unaobaki, na hesabu ya watu waliowahi kujitaja kuwa wako mahali hapo huongezwa. Basi. Machapisho, picha, video, maoni, nyota ambazo watu walitoa, na ile anwani ya ukurasa inayoanza na alama ya @ vinaondoka na ukurasa wao. Ukishaunganisha, hakuna kurudi nyuma.

Hapa ndipo vikao vingi vinapopotea njia. Utasikia: "Huu una watu elfu nne, ule una mia sita, tufunge wa mia sita." Hesabu hiyo iko kinyume. Wale elfu nne watahamishwa hata ukiufunga ukurasa wao. Picha za fainali mliyocheza Uwanja wa Mbuzi, Kongowea, hazihamishwi na mtu. Kwa hiyo unaobaki uwe ule wenye kumbukumbu, hata kama wafuasi wake ni wachache, na ule wenye umati lakini umejaa mabango ya mechi zilizokwisha ndio uunganishwe ndani yake.

Sababu mbili tu zinaweza kubadilisha uamuzi huo. Moja ni anwani: kama @ ya ukurasa ule mwingine imechapishwa kwenye jezi, bango la uwanjani na barua za kuomba ufadhili, pima gharama ya kuchapisha upya. Ya pili ni rekodi mbaya. Ukurasa uliowahi kudukuliwa, au unaoonyeshwa onyo la kukiuka sheria za Facebook, usiufanye makao makuu.

Hatua ya 1: Orodhesha kila kitu

Chukua daftari au karatasi ya hesabu kwenye simu. Tafuta jina la klabu kwa kila namna watu wanavyoliandika: likiwa na FC na bila FC, likiwa na "Sports", "Youth", "Mombasa", "Msa", "001". Tafuta hata kwa tahajia mbovu, maana aliyefungua ukurasa saa sita usiku baada ya kombe hakuwa na muda wa kuhariri. Tafuta pia jina la mashindano mliyowahi kuandaa. Kombe la Mheshimiwa fulani likiisha, Mheshimiwa huondoka na ukurasa hubaki.

Kwa kila unachokipata andika jina kamili, anwani, idadi ya wafuasi, tarehe ya chapisho la mwisho, na nani anadhaniwa kuwa na funguo. Kisha angalia ni kitu cha aina gani, kwa sababu kuunganisha kunawezekana kati ya ukurasa na ukurasa tu. Kama klabu ilifunguliwa kama mtu, yaani watu wanaombwa "urafiki", hiyo ni akaunti ya mtu binafsi. Mwisho wake ni marafiki 5,000 na haiunganishwi na ukurasa. Kikundi cha Facebook nacho hakiunganishwi, si na ukurasa wala na kikundi kingine.

Kwenye sehemu ya maelezo ya kila ukurasa kuna kipengele cha uwazi wa ukurasa. Kifungue. Kinaonyesha tarehe ulipofunguliwa, majina yote uliyowahi kuitwa, na mara nyingi nchi walipo wanaouendesha. Ukiona Qatar, pengine unamjua tayari ni nani. Ukiona nchi ambayo hakuna mwanachama aliyewahi kukanyaga, ukurasa huo umeibiwa au si wenu.

Mwishoni uwe na mafungu manne: kurasa zenu zenye funguo, kurasa zenu ambazo funguo zimepotea, kurasa ambazo Facebook ilizitengeneza yenyewe baada ya watu kutaja mahali, na kurasa za watu wanaojifanya nyinyi. Fungu la mwisho haliunganishwi. Hilo linaripotiwa.

Hatua ya 2: Kusanya funguo

Hakuna hatua ngumu kuliko hii, na haina uhusiano wowote na kompyuta. Ili kuunganisha, mtu mmoja lazima awe na udhibiti kamili wa kurasa zote mbili kwa wakati mmoja. Kuwa na ruhusa ya kuchapisha tu hakutoshi.

Funguo za ukurasa wa zamani kwa kawaida ziko kwa mwanzilishi, na mwanzilishi yuko Ughaibuni, au ameacha mpira, au alitoka kwenye kamati kwa maneno. Usimpelekee barua ya madai. Ukurasa huo aliuendesha miaka kwa bando lake mwenyewe, na akikasirika anaweza kuufuta kabla hamjamaliza kikao. Mpigie simu kwanza, umjulie hali, kisha umwandikie kitu cha namna hii:

"Assalaam alaykum kaka. Natumai u mzima na kazi inakwenda. Kamati imeamua kurasa za klabu ziwe moja, na ule wako wa zamani ndio tunaotaka ubaki, kwa sababu una picha zote. Tunaomba uniongeze mimi kwa udhibiti kamili. Wewe hatukutoi. Facebook itakuuliza neno lako la siri kuthibitisha. Usinitumie mimi, liandike mwenyewe. Ukiwa tayari nambie nikutumie jina la akaunti yangu, twende pamoja kwenye simu."

Ile sentensi ya neno la siri iache ilivyo. Watu wengi kwa uzuri wa moyo watakutumia neno la siri kwenye WhatsApp, wewe uingie kutoka Mombasa katika akaunti inayotumika Doha, na Facebook iifunge kwa kushuku wizi. Hapo mtakuwa mmepoteza ukurasa na mmemharibia mwenzenu akaunti yake.

Anayekubali mwaliko aukubali mara moja, maana mwaliko una muda wake.

Kuna funguo zilizopotea kwa namna nyingine. Akaunti ilisajiliwa kwa namba ya simu, laini ikakaa bila kutumika, kampuni ikaiuza kwa mtu mwingine. Msimpigie huyo mwenye laini mpya kumwomba namba za uthibitisho. Hajui lolote na ana haki ya kuwashuku. Jaribuni barua pepe iliyotumika, au simu ya zamani ambayo huenda bado imeingia kwenye akaunti ile. Simu iliyopasuka kioo ndani ya droo imeokoa kurasa nyingi kuliko maombi kwa Facebook.

Ikishindikana kabisa, mnaweza kuwaandikia Facebook kudai ukurasa. Wakiwajibu watataka uthibitisho kwamba klabu ni yenu, kwa hiyo cheti cha usajili kiwe tayari. Klabu za michezo husajiliwa na Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Vikundi vya kijamii husajiliwa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Kama jina kwenye cheti na jina kwenye ukurasa havifanani, mtajieleza sana.

Na jambo moja ambalo kamati hupenda kufanya, msilifanye: kufungua akaunti ya mtu wa bandia iitwayo "Klabu Admini" ili watu watano waitumie kwa neno moja la siri. Akaunti za namna hiyo Facebook huzifunga, na ikifungwa, ukurasa unabaki bila mwenyewe. Kila mtu aingie kwa akaunti yake halisi.

Hatua ya 3: Okoa kabla ya kufuta

Ingia kwenye ukurasa utakaofutwa, nenda kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kupakua taarifa za ukurasa. Chagua muundo wa HTML ili ufunguke kwa kivinjari cha kawaida, na ubora wa picha uweke wa juu. Facebook itaandaa faili na kukujulisha likiwa tayari. Klabu iliyojaza video za mechi itapata faili kubwa, basi tafuta wifi. Ukienda saiba, beba flashi yako, na kabla hujainuka utoke kwenye akaunti na ufute faili kwenye mashine ile.

Kupakua pekee hakutoshi. Piga picha za skrini za maoni na nyota zilizo nzuri. Mfadhili akiuliza watu wanasemaje, mtakuwa na kitu cha kumwonyesha. Kisha fungua kikasha cha ujumbe.

Hapa nenda polepole. Kwenye kikasha cha ukurasa uliosahaulika utakuta mambo. Mama ameandika mwezi wa tatu: "Naulizia mazoezi ya watoto ni siku gani, kijana wangu ana miaka kumi." Hakuna aliyemjibu. Akaandika tena baada ya wiki: "Hamjambo?" Chini yake kuna mtu anauza jezi kwa jumla, kuna klabu ya Kilifi inaomba mechi ya kirafiki, kuna salamu za mchezaji wa zamani. Wajibu wote hata kama muda umepita, na uwape anwani ya ukurasa unaobaki. Hawa ndio watu waliowatafuta wenyewe.

Ukimaliza, chagua picha zinazostahili kuhamishwa kwa mkono. Msihamishe zote. Chukueni za timu kwa kila msimu, makombe, wazee wa klabu, na waliotangulia mbele ya haki. Ziwekeni kwenye ukurasa unaobaki zikiwa albamu, na kila picha iandikwe mwaka na majina kwa maneno, kwa kuwa tarehe itakayoonekana ni ya leo. Kazi hii mpeni mtu aliyekuwepo. Kijana wa miaka 19 hamjui golikipa wa 2009.

Picha za watoto zina utaratibu wake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha inayomtambulisha ni taarifa yake. Kupandisha upya albamu ya timu ya watoto ni nafasi ya kuomba ruhusa ambayo pengine hamkuwahi kuiomba. Asiyepatikana mzazi wake, picha ibaki kwenye flashi.

Hatua ya 4: Fananisha kurasa

Facebook hukataa kuunganisha kurasa ambazo kwa macho yake ni za vitu viwili tofauti. Majina yafanane na maelezo yaeleze kitu kimoja. Kama kurasa zina anwani ya mahali, iwe ileile: usiache mmoja unasema Kisauni na mwingine unasema Mombasa peke yake. Kama moja ya kurasa imewekwa chini ya akaunti ya biashara ya mtu, mfano yule kijana aliyewatengenezea matangazo, zote mbili ziletwe chini ya akaunti moja kwanza.

Badilisha jina la ukurasa utakaofutwa, usiuguse unaobaki. Na uandike jina kwa uangalifu, kwa sababu ukishabadilisha utasubiri siku 7 kabla ya kuruhusiwa tena.

Wakati huohuo tangaza. Weka chapisho kwenye kurasa zote mbili, libandikwe juu: "Kurasa zetu zinakuwa moja. Ukiona umeanza kutufuata kwa jina hili, hujadukuliwa." Bila hivyo watu watashtuka na kujiondoa.

Hatua ya 5: Unganisha

Chagua wakati mtulivu. Msifanye wiki ya mechi, wala katikati ya mashindano ya Ramadhani watu wanapongoja ratiba kila jioni, wala mwezi mmoja kabla ya uchaguzi wa kamati, ambapo kila hatua itaonekana ni njama.

Tumia kompyuta kuliko simu. Ingia kwa akaunti yenye udhibiti kamili, nenda facebook.com/pages/merge, chagua kurasa mbili, uendelee. Itakuuliza upi ubaki. Toa mkono kwenye kipanya. Majina sasa yanafanana, picha ya nembo huenda ni ileile, na ni rahisi mno kuchagua usio sahihi. Linganisha anwani ya @ na ile uliyoiandika kwenye daftari, umwite na mtu wa pili aangalie, kisha tuma ombi. Majibu yanaweza kuchukua siku kadhaa.

Kama kurasa ni tatu au nne, ziingize moja moja, kila mara unaobaki uwe uleule. Ukikataliwa, rudi hatua ya 4. Mara nyingi ni jina au anwani. Ikishindikana kabisa, kuna njia ya pili: ule wa ziada uwekwe picha ya juu inayosema "Tumehamia" na anwani mpya, uachwe kama kibao cha njia kwa miezi michache, kisha ufutwe. Facebook hukupa siku 30 za kughairi kabla haijafuta moja kwa moja.

Instagram na WhatsApp

Instagram haina kuunganisha kabisa. Atakayekuahidi kukuunganishia kwa malipo anataka neno lako la siri. Njia ya kweli ni kuvuta watu: weka machapisho ya ushirikiano, yale yanayoonekana kwa wafuasi wa akaunti zote mbili kwa mara moja, kwa majuma kadhaa, huku wasifu wa akaunti ya zamani ukiwaelekeza kwenye mpya. Ile ya zamani usiifute haraka. Jina likiachwa wazi, mwingine anaweza kulichukua. Ni afadhali ikae kimya mikononi mwenu.

Makundi ya WhatsApp nayo hayaungani. Chagueni moja (hupokea hadi watu 1,024), wekeni kiungo chake kwenye maelezo ya lile lingine, halafu lile lingine liwe la admini tu kuandika. Msiwabebe watu kwa nguvu. Aliyekuwa kwenye kundi la wachezaji wa zamani pengine hataki kabisa habari za usafiri wa kesho saa kumi na moja alfajiri.

Pesa

Kabla ya kufunga chochote, pitia kila ukurasa na kila kundi utafute namba za kutumia pesa. Michango ya jezi, ya matibabu, ya matanga, yote huachwa pale na namba ya mtu ambaye alikuwa mweka hazina miaka mitano iliyopita. Futa zote. Ibaki paybill au till moja ya klabu, imeandikwa sehemu moja, pamoja na jina linalotokea kwenye M-Pesa kabla ya kukubali kutuma, ili mchangiaji alilinganishe.

Mkikuta ukurasa wa bandia unaokusanya pesa kwa jina lenu, pigeni picha za skrini zenye tarehe kwanza, kisha muuripoti Facebook, tena wanachama wengi na si mmoja, na mpeleke picha hizo kituo cha polisi. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Msianze kubishana naye kwenye maoni; atafuta ushahidi.

Baada ya hapo

Udhibiti kamili uwe kwa watu watatu, wasiwe wa nyumba moja. Wengine wapewe ruhusa ya kuchapisha na kujibu ujumbe tu. Kila mmoja wa hao watatu awashe uthibitisho wa hatua mbili, na zile namba 10 za dharura ambazo Facebook hutoa aziandike kwenye karatasi, si kuzipiga picha kwa simu ileile itakayoibwa. Kwenye kumbukumbu za kikao iandikwe kwamba ukurasa ni mali ya klabu na kwamba anayetoka kwenye kamati hukabidhi ukurasa siku anayokabidhi mhuri.

Angalieni pia Google Maps. Uwanja au ofisi yenu huenda ina alama mbili, moja ikiwa na namba ya simu iliyokufa. Ifungue ile mbovu, pendekeza marekebisho, useme ni nakala ya mahali pengine.

Mwezi mmoja baadaye tafuta jina la klabu upya kwa tahajia zote za mwanzo. Mtu akitaja yuko uwanjani kwenu na asipouona ukurasa wenu, Facebook inaweza kutengeneza mwingine. Ukiukuta, udai mapema na uuunganishe ukiwa bado na wafuasi watatu.